Pipa Moja Linatosha

Tarehe 3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mpe na Baba shikamoo yake, najua yuko hapo pembeni anajifanya hasikilizi. Mimi mzima. Jiko linanitoa jasho na mpishi mkuu ananitoa roho, lakini kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha. Nyinyi je? Mgongo wa Baba umepoa? Na macho yako, Mama, bado yanachuruzika kwa ule moshi?

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yenu inakaa mfukoni kwa Baba. Baba akiipokea anaongea yeye, anajijibu yeye, halafu anakata.

Hivi vyuma viwili ulivyovikuta kwenye boksi pamoja na barua hii vinaitwa vichanja vya mbavu. Usicheke. Huku jikoni kwetu ndivyo tunavyotumia. Badala ya kuulaza ubavu juu ya wavu, ukakaa umejinyoosha kama mgonjwa kitandani na kula nafasi yote, unausimamisha wima kati ya waya na waya, kama sahani kwenye kichanja cha vyombo. Moshi unapita pande zote mbili, mafuta yanachuruzika chini, na huna haja ya kugeuzageuza. Pipa moja litabeba zaidi ya mara mbili ya mbavu mnazolaza nyinyi.

Sharti lake ni usizibananishe. Kati ya ubavu na ubavu acha nafasi ya kupitisha vidole viwili. Nyama zikigusana moshi haupiti, na za katikati zitabaki mbichi hata ukichochea kuni za mwaka mzima. Paka waya mafuta kwanza ili nyama isigande, na upande mnene ukae chini. Ni hayo tu.

Nilikuwa namfikiria Baba. Tangu nina akili namwona ameinama juu ya pipa lake na lile koleo, anageuza, anainuka, anashika kiuno, anainama tena. Sasa na apumzike kuinama.

Nawapenda sana.

Mwanao,
Kitinda mimba

*

Tarehe 21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako naye amesema marahaba, ingawa kaisema kwa pua. Sisi hatujambo. Macho yangu yanachuruzika kama kawaida, mpaka wateja wapya wanadhani nina huruma nyingi. Mgongo wa baba yako uko palepale, anausifia kuliko anavyosifia watoto wake. Ungekuwa umeoa, ungepata wa kukukorogea uji ukikohoa, lakini hayo tuyaache, nisije nikaambiwa nimeanza.

Boksi limefika. Baba yako alikichukua kichanja kimoja, akakigeuza huku na huku, akaenda kupanga sahani. Nilipomsomea barua yako akasema, "Mwambie mwanao nyama si vyombo." Sahani zikakaa humo mpaka Jumapili.

Jumatatu wateja ni wachache, nikaziondoa sahani, nikaenda na kichanja kazini. Unaukumbuka ule ua wa nyuma ya mgahawa: pipa la baba yako upande wa ukuta, langu upande wa bomba, na sisi katikati tumepeana migongo. Sheria yetu unaijua, ilikuwepo kabla hujazaliwa: mkono wako, pipa lako. Sijawahi kufunua pipa lake, naye hajawahi kufunua langu. Tunachokozana kwa maneno tu, kupitia moshi, na wateja huko mbele wanasikia na kucheka.

Basi nikazisimamisha mbavu kama ulivyoelekeza. Mara ya kwanza ncha za juu zilinikaukia, kwa sababu joto linakwenda kujazana chini ya mfuniko. Mara ya pili, zilipofika nusu nikazipindua, za juu zikawa chini. Zilitoka sawasawa, laini, mfupa unachomoka wenyewe. Nikampa baba yako kipande. Akala. Akala na cha pili. Akasema chumvi imezidi.

Mwenye mgahawa alipita. Unamkumbuka, yule tunayemwita Haraka kwa sababu hata salamu anaitoa akiwa ameshakupa mgongo. Safari hii alisimama. Alitazama pipani kwangu, akatazama pipani kwa baba yako, akarudi tena kwangu. Akasema, "Mama, hii ni akili." Baba yako akachukua ndoo akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Nilifurahi, mwanangu, sitakuficha. Mimi nimechoma nyama mpaka kucha zimebadilika rangi, na hakuna aliyewahi kuniambia neno la namna hiyo kuhusu kazi yangu.

Mama yako

*

Tarehe 6 Machi

Mama,

Shikamoo, na hongera! Barua yako nimewasomea wenzangu wote jikoni. Kuhusu kuzipindua nusu ya safari, mpishi mkuu mwenyewe alikuna kichwa. Afya yangu njema, nimenenepa kidogo, na kuhusu kuoa, barua ilipofika hapo ilikuwa imelowa, sikuweza kusoma vizuri.

Mwambie Haraka asingoje. Hivyo viwili havitoshi, aagize vingine kwa fundi wa kuchomelea. Fundi asitumie waya wa zinki wala wa rangi, ukipata moto unatoa sumu. Atumie chuma kitupu. Na umtajie Haraka kwamba wazo ni la mwanao, pengine siku moja nikirudi atanipa cheo.

Sasa Baba. Mfundishe, Mama. Mfundishe taratibu kama mtu anavyomfundisha mtoto, maana kichwa chake tunakijua sote. Akishakizoea atakuja kusema alikigundua yeye.

Mwanao anayejivunia wewe,
Kitinda mimba

*

Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, jino moja la nyuma tu linanisumbua. Baba yako mzima, ukimwuliza atakwambia hivyo na hataongeza neno.

Haraka aliagiza vichanja vingine kwa fundi, vya chuma kitupu kama ulivyosema. Pipa la baba yako unakumbuka lilikuwa limetoboka kitako, tukawa tunaziba kwa udongo. Zamani Haraka angenung'unika, kisha angenunua jingine. Safari hii alilitazama, akalipiga teke dogo, akasema, "La nini? Pipa moja linatosha." Likawekwa nje ya geti. Kesho yake wakusanya vyuma chakavu wakalibeba. Baba yako alikuwa anafagia uani, wala hakuinua kichwa.

Sasa tuko wawili kwenye pipa moja, na pipa ni langu. Nimemwambia si langu, ni letu. Nilipokuwa nasema nilisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa mepesi. Anasimama kando na mikono kifuani, kama mgeni anayengoja aonyeshwe kiti. Nikifunua mfuniko, yeye anatazama ukuta.

Nilimfundisha taratibu kama ulivyoniagiza. Nikamwonyesha nafasi ya vidole viwili. Akaniuliza, "Nani alikufundisha kuwasha moto?" Nikamjibu ni wewe, mume wangu. "Nani alikufundisha kuibonyeza nyama ukajua imeiva?" Nikamjibu ni wewe. "Basi leo wewe ndiye wa kunifundisha kusimamisha nyama?" Ningesema nini? Ni kweli alinifundisha. Nilipoolewa sikujua hata kupuliza makaa. Nikamwambia, "Uliponifundisha mimi sikununa." Hapo ndipo aliponuna barabara.

Na Haraka ameanza utani ambao siupendi. Anapita, anatuona wawili, anasema, "Pipa hili lina vichwa viwili." Anacheka, anaondoka. Mimi sicheki. Kati yetu wawili, akimtaka mmoja, hatamchagua anayetazama ukuta.

Naogopa, mwanangu. Baba yako asipokuwa na pipa sijui atakuwa nani, naye hajui. Mwandikie wewe. Usimfundishe, mbembeleze. Ashike kichanja kwa mkono wake tu, Haraka amwone ameshika, basi.

Mama yako

*

Tarehe 25 Aprili

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa ufupi, huku tunapika kama watu wanaofukuzwa. Pole na jino. Kaling'oe, usilitibu kwa karafuu mpaka uzeeke nalo.

Barua ya Baba ni hiyo iliyokunjwa ndani ya hii. Msomee. Nimemwambia yeye ndiye mwalimu wetu sote na kichanja hakiwezi kumwondolea ufundi wake.

Ila na wewe, Mama, una haraka ya kuogopa. Haraka amfukuze Baba? Mtu aliyeanza naye wakati ule mgahawa ulipokuwa na meza mbili na paa la turubai? Hawezi. Utani ni utani. Mambo yatakaa sawa.

Mwanao,
Kitinda mimba

*

Tarehe 30 Juni

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Sisi ni wazima wa mwili. Nimekawia kukuandikia kwa sababu nilikuwa nangoja nipate habari nyingine ya kukupa, na haikuja.

Unga umemwagika. Baba yako hana kazi tangu mwanzoni mwa mwezi huu.

Barua yako aliisikiliza yote, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Nikadhani imemwingia, maana siku zilizofuata alianza kushika vichanja. Alikuwa anavipaka mafuta, ananikabidhi bila kunitazama. Nilianza kupumua. Siku moja hata alinichokoza, akasema moshi wangu una kelele kuliko mimi. Nilicheka peke yangu mpaka jioni.

Kisha ofisi moja ya jirani ikaagiza mbavu nyingi, wanamuaga mkubwa wao, na watu wamekuja na familia zao. Asubuhi hiyo jino lilikuwa limenipandisha homa. Nikamwachia baba yako pipa, nikaenda kuling'oa. Nilitoka kimyakimya kwa mlango wa nyuma, maana sikutaka Haraka aone kwamba pipa linaweza kubaki na mtu mmoja. Nilimwambia baba yako, "Vidole viwili, tafadhali." Akasema, "Nenda kwenye jino lako."

Niliporudi na pamba mdomoni niliona mfuniko haukai sawa. Nikaufunua. Alikuwa ametia mbavu mbilimbili katika kila nafasi, na nyingine amezisukumiza pembeni kwa nguvu, zimebanana kama nguo kwenye sanduku la msafiri. Kwa nje zilikuwa zimepata rangi nzuri. Za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda mezani. Haraka mwenyewe ndiye aliyekata ubavu mbele ya wageni, na damu ikamwagika kwenye sahani ya huyo mkubwa anayeagwa.

Haraka alikuja uani. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani kapanga hizi?"

Baba yako angetazama chini ningeelewa, mwanangu. Alinitazama mimi. Alinitazama vile mtu anavyomtazama mwenzake anapotaka apokewe mzigo. Mdomo wangu umejaa pamba na damu. Nikaitoa pamba nikasema, "Ni mume wangu."

Haraka akasema msema kweli mpenzi wa Mungu, akamwambia baba yako avue aproni. Akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kuni. Kwa hiyo nimekuwa mpenzi wa Mungu, na nyumbani hakuna anayenisemesha.

Sijui kama alifanya makusudi ili vichanja vionekane havifai, au alibananisha kwa sababu masikio yake yalishatiwa pamba kwa kila neno litokalo kwangu. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Ninachojua ni kwamba nilisema, na nikiulizwa tena nitasema. Kulikuwa na watoto kwenye zile meza.

Analala sebuleni. Nikimwandalia chakula anangoja nitoke ndipo ale. Asubuhi nikienda kazini anakuwa ameshaamka, amevaa viatu, amekaa kitini kama mtu anayekwenda mahali.

Mama yako

*

Tarehe 10 Julai

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Barua yako niliisoma nikiwa kazini, ikabidi nitoke nje. Nimejizuia kukujibu kwa siku kadhaa ili hasira ipungue, na haijapungua sana.

Kwa nini hukunyamaza? Au kama ilibidi kusema, kwa nini hukusema ni wewe? Wewe Haraka asingekugusa. Wewe ndiye mwenye akili, alisema mwenyewe kwa mdomo wake. Angekukaripia, ungeomba radhi, kesho yake mngeendelea. Ulijua kabisa kwamba Baba akitajwa ndio mwisho wake, uliniandikia mwenyewe kwamba unaogopa. Halafu ukamtaja. Umemvua nguo mbele ya watu, Mama. Mambo ya mume na mke hayapelekwi uani kwa Haraka.

Namjua Baba ni mkaidi. Lakini mkaidi wetu tunamfunika sisi, hatumwachii mtu wa nje amwadhibu.

Nimemkatia tikiti ya basi, iko ndani ya bahasha. Aje huku apumzike. Nina chumba kimoja lakini kitatutosha. Mioyo ikipoa atarudi.

Mwanao

*

Tarehe 22 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Umeniamkia kwanza ndipo ukanichapa, kwa hiyo nilikulea vizuri. Mimi mzima. Kidonda cha jino kimepona.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uko mbali, umekaa kwenye jiko la vigae, na mzigo wangu unauona mwepesi kabisa: ningesema tu ni mimi. Neno zuri kuhusu kazi yangu nimelipata mara moja maishani, tena uzeeni, na hilo nalo nilipaswa nimkabidhi baba yako ajipangusie jasho. Kesho yake Haraka angesema, mama huyu kumbe hajui kitu, alibahatisha. Na wewe ungeniandikia barua ya kunipongeza kwa uvumilivu.

Vile vyuma vilikuja kwa jina lako. Wazo la kumwambia Haraka aagize vingine lilikuwa lako. Nilipokwambia naogopa ukaniambia nina haraka ya kuogopa. Sikulaumu, ulitaka kumpumzisha baba yako mgongo. Lakini usije leo ukasimama upande wa pili wa barabara na kunyoosha kidole kana kwamba ulikuwa unapita tu.

Amepanda basi juzi. Nilimfungia chakula cha njiani. Alichukua suti yake, redio, na lile koleo, sijui la nini huko. Hakuniaga. Ila kabla ya kutoka alizunguka nyumba nzima akikagua madirisha kama yanafungika. Nilimwona. Nilikuwa mlangoni na sikusema kitu, na sasa najuta kwamba sikusema.

Sasa nisikilize vizuri. Nimefanya jambo ambalo sikutaka kulifanya. Nimekwenda ofisini kwa Haraka nikampigia magoti. Simaanishi nilimwomba sana. Nilipiga magoti haya mawili, sakafuni kwake, mbele ya mhasibu wake. Vichanja vimeleta wateja wengi mpaka mtu mmoja hatoshi tena pale uani, anatafuta wa pili. Amekubali awe baba yako. Sharti lake ni kwamba apange mbavu kama ninavyopanga mimi na afuate ninavyomwelekeza. Atangoja mpaka mwisho wa Agosti, baada ya hapo atachukua mtu mwingine.

Namtaka arudi. Nayaandika waziwazi kwa sababu simu ameondoka nayo na hata ningepata ya kuazima asingepokea. Kazi haina ladha nikiwa peke yangu pale. Nikirusha neno la uchokozi kwenye moshi hakuna anayelirudisha, linabaki linanizunguka mwenyewe. Nimemkasirikia mpaka mifupa inaniuma, na namtaka arudi.

Msomee sehemu hii ya mwisho tu. Ya juu ni yako.

Mama yako

*

Tarehe 8 Septemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Nisamehe sana kwa kukawia, najua ulikuwa unangoja jibu. Agosti yote ilipita kama mtu aliyekuwa anakimbia mvua. Mimi mzima, na Baba mzima kabisa, amenenepa, ungemwona usingemjua. Anakoroma mpaka jirani amegonga ukuta.

Nilimsomea ile sehemu uliyosema. Nilimsomea mara mbili. Alisikiliza, kisha akaniambia niandike kwamba mgongo wake hauwezi tena safari ndefu ya basi. Usiichukulie vibaya, Mama. Umri nao.

Lakini nina habari njema, na nadhani utafurahi, maana mwisho wa yote tulichokitaka ni Baba awe na kazi. Wiki za mwanzo alikuwa anakaa chumbani kutwa, nikaona ataugua. Nikaenda naye jikoni siku moja akae tu, aone watu. Mpishi mkuu akamwona na lile koleo lake, akamwuliza anajua nini. Akasema anajua mbavu. Mama, wamemwajiri!

Na usishangae nikikwambia amewekwa wapi. Kwenye vichanja! Nikasema leo ndio leo. Mpishi mkuu ni kijana, mdogo hata kwangu, anaongea kwa ukali na hana subira. Alimwonyesha Baba mara moja: paka mafuta, upande mnene chini, vidole viwili kati ya ubavu na ubavu. Baba akasema, "Sawa, mkuu." Hivyo tu! Akaanza kupanga. Anapima kila nafasi kwa vidole vyake mwenyewe, hairuki hata moja. Juzi kijana alimkosoa mbele yetu sote kwamba mbavu zake zimeegemea upande, akasema, "Samahani, mkuu," akazitoa zote, akapanga upya. Mpishi mkuu anasema hajapata mtu wa kufundishika kama huyu mzee.

Nilisimama pale nikamtazama, machozi yakanilengalenga. Kumbe anaweza! Ilihitaji muda tu, na mazingira mengine. Nilijua utapenda kusikia.

Anakusalimia. Yaani hajasema, lakini nikikutaja hanuni kama zamani.

Mwanao,
Kitinda mimba

*

Tarehe 29 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Nimefurahi kusikia unaendelea vizuri.

Barua yako nimeisoma mara moja, imetosha. Umeiandika kwa furaha, na furaha yako sitaki kuipokonya. Umempata baba yako karibu, anakoroma chumbani kwako, huo ni utajiri. Lakini kwa kuwa umeandika kwamba nitapenda kusikia, acha nikwambie nilichosikia.

Miezi yote hii nilikuwa najipa moyo. Nilisema mzee amechukia chuma. Mtu ameilaza nyama maisha yake yote, ghafla anaambiwa aisimamishe, lazima moyo ugome. Nikamwonea huruma. Hata ile siku ya damu mezani, hasira ilipopungua, nilisema ni uzee na ugeni wa kitu. Ndiyo maana niliweza kupiga magoti kwa Haraka. Nilikuwa namwombea mtu aliyeshindwa.

Kumbe hakushindwa. Huko anapima vidole viwili bila kuruka hata nafasi moja. Anakosolewa mbele ya watu na kijana mkali asiye na subira, anaomba samahani, anapanga upya. Mgongo usioweza kukaa kwenye basi unaweza kusimama jikoni kutwa. Mimi nilimwambia maneno yaleyale. Nilimwambia kwa upole, hapakuwa na mtu wa tatu, nikaanza na "mume wangu" na kumalizia na "tafadhali." Hakuna alichoshindwa kukijua. Alishindwa kukipokea kutoka kwangu. Tumepeana migongo uani miaka yote ile, nikidhani tuko pamoja.

Na wewe umesimama ukaona hayo yote kwa macho yako, ukalia kwa furaha.

Haraka aliongeza wiki moja baada ya Agosti, kwa heshima yangu. Kisha akamleta uani yule mama aliyekuwa akiosha vyombo. Nilimwonyesha nafasi ya vidole viwili akaelewa siku hiyohiyo. Anafanya kazi vizuri, ila haongei. Nguo za baba yako zilizobaki nimezifua na kuzipiga pasi, zinakuja kwa basi la Alhamisi, nenda ukazipokee. Sebule aliyokuwa akilala nimeifagia na kuifunga.

Nina ombi moja. Mwulize baba yako, mkiwa wawili, ameshakula na hana pa kukimbilia: yule kijana alimwambia nini ambacho mimi sikumwambia? Akijibu, niandikie maneno yake kama yalivyo. Akinyamaza, niandikie kwamba amenyamaza. Usimtungie jibu.

Mama yako